ADABU ZA UWANJA WA SHABAHA KATIKA FIQHI NA HISTORIA

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, mtu aingiapo katika uwanja wa shabaha ulio wazi kwa raia, hapewi bunduki mpaka asomewe masharti. Ataambiwa aihesabu kila bunduki kuwa ina risasi, asiuelekeze mtutu kwa kitu asichotaka kukiangamiza, asitie kidole kwenye triga mpaka awe amekwisha kulenga, na aijue shabaha yake pamoja na kilichoko nyuma yake. Kanuni hizi nne zilienezwa kwa mpangilio huu na mwalimu wa Kimarekani, Jeff Cooper, aliyefariki mwaka 2006. Wengi wetu tukizisikia hudhani ni utaratibu wa kigeni tu. Katika makala haya tunataka kuonyesha kwamba mizizi yake imo katika vitabu vyetu vya Hadithi na Fiqhi, na kwamba sheria imefungamanisha nazo jambo zito kuliko kufukuzwa uwanjani, nalo ni damu ya mtu.

UWANJA WA MWANZO

Kulenga shabaha ni katika michezo michache ambayo Mtume (s.a.w.) aliihimiza kwa ulimi wake. Amepokea Imamu Muslim kutoka kwa Uqba bin Amir kwamba Mtume akiwa juu ya mimbari aliifasiri nguvu iliyotajwa katika Suratul Anfal, aya ya 60, kuwa ni kutupa mishale, na akalikariri hilo mara tatu. Uqba huyu alipokuwa mzee alionekana akienda na kurudi baina ya shabaha mbili. Mtu mmoja akamshangaa kwa kujitaabisha katika umri ule, naye akamjibu kwa Hadithi inayomkemea mwenye kujifunza kulenga kisha akaacha.

Hapa tunaupata umbo la uwanja wa wakati ule: shabaha mbili zinazoelekeana, watu wanarusha kutoka upande mmoja, wanakwenda pamoja kuokota mishale, kisha wanarusha kuelekea walikotoka. Mpango huu haufai mpaka watu wote waache kurusha wakati mmoja. Ndivyo ilivyo mpaka leo: msimamizi akitangaza kusimama, kila mtu huiweka silaha chini, na hapana ruhusa ya kuigusa maadamu kuna mtu aliyekwenda mbele kwenye shabaha.

ADABU ALIZOZIFUNDISHA MTUME (S.A.W.)

Kwanza: Kutomwelekezea mtu silaha. Katika Hadithi ya Abu Huraira iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume amekataza mtu kumwashiria nduguye kwa silaha, kwani hajui, huenda Shetani akauponyosha mkono wake, naye akatumbukia katika shimo la Moto. Katika riwaya nyingine ya Muslim, mwenye kufanya hivyo hulaaniwa na Malaika, hata kama aliyeelekezewa ni ndugu yake wa baba mmoja na mama mmoja. Tazama hekima iliyomo. Ndugu wa baba na mama hadhaniwi kukusudia kuua, basi katazo halikujengwa juu ya nia mbaya, bali juu ya mkono kuweza kukosea. Na hii ndiyo sababu ya kanuni ya mtutu.

Pili: Kuishika ncha. Mwenye kupita msikitini au sokoni na mishale aliamrishwa azishike chembe zake kwa mkono, asije akamjeruhi Muislamu. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Musa. Leo mwenye kuibeba bunduki penye watu huitoa risasi zote, akaacha chemba wazi ili kila mtu aone kuwa ni tupu, na mtutu akauelekeza pasipo na mtu.

Tatu: Namna ya kukabidhiana. Amepokea Jabir kwamba Mtume alikataza upanga kupokezanwa ukiwa nje ya ala. Na bunduki hali kadhalika: anayeitoa huhakikisha kuwa ni tupu, na anayeipokea huhakikisha tena kwa macho yake mwenyewe. Asione haya kufanya hivyo mbele ya mwalimu wake, wala mwalimu asione kuwa amedharauliwa.

Nne: Kuacha mzaha. Katika Sunan ya Abu Daud imo Hadithi kwamba si halali kwa Muislamu kumtisha Muislamu mwenzake, na sababu yake ilikuwa ni mzaha waliofanyiwa watu safarini. Ikiwa mzaha wa kamba umekatazwa, basi mzaha wa bunduki ni wa kukatazwa zaidi.

Tano: Kuichagua shabaha. Ibn Umar aliwapita vijana wa Kikureshi waliomfunga ndege wakawa wanamlenga. Walipomwona wakatawanyika, naye akawaambia kuwa Mtume amemlaani mwenye kukifanya chenye roho kuwa shabaha. Basi ndege wa juu ya ukuta au paka wa uwanjani si shabaha.

USHINDANI NA ZAWADI

Wanafunzi wa fiqhi katika pwani yetu ya Afrika Mashariki wanakijua kitabu cha Minhaj cha Imamu Nawawi. Humo umo mlango wa mashindano ya mbio na kulenga. Mafaqihi wameshurutisha yajulikane mapema masafa, ukubwa wa shabaha, idadi ya mishale, namna ya kuhesabu mpigo, na nani ataanza. Zawadi ikitolewa na mtu wa nje au na mmoja wa washindani, inajuzu. Ama kila mmoja akiweka fedha yake ili mshindi azizoe zote, jamhuri ya wanachuoni wameiona kuwa ni kamari isipokuwa aingie mshindani wa tatu asiyeweka kitu, na Ibn al-Qayyim ameijadili kwa urefu rai iliyo kinyume na hiyo. Masharti haya huondoa ugomvi, na ugomvi wa watu wenye silaha mikononi si jambo dogo.

Historia imetuachia mfano wa uwanja uliokuwa na adabu zake zilizokamilika. Baada ya kuiteka Istanbul mwaka 1453, Sultan Muhammad wa Pili alitenga ardhi ya Okmeydanı kwa ajili ya wapiga mishale. Mwanafunzi hakupewa idhini na walimu wake ila baada ya mafunzo marefu na mtihani wa masafa, na mawe yalisimikwa kuonyesha mishale iliyofika mbali kabisa. Baadhi ya mawe hayo yangalipo.

HUKUMU YA ALIYEKOSEA

Husikika mara nyingi baada ya msiba: "Sikujua kama imo risasi." Je, neno hili linamwokoa mtu? Linaweza kumwondolea kisasi, kwa kuwa hakukusudia, lakini halimwondolei dhima. Mafaqihi wamepiga mfano wa mtu aliyeulenga mti akampata mtu. Huko ni kuua kwa makosa, na kwa mujibu wa Suratun Nisaa, aya ya 92, kuna diya wapewe jamaa wa maiti isipokuwa wasamehe, na kuna kafara: kumwacha huru mtumwa Muislamu, na asiyepata afunge miezi miwili mfululizo. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, muuaji harithi hata akiwa ameua kwa makosa. Kijana aliyeponyokwa na risasi ikampata baba yake anampoteza baba na urithi kwa pamoja, na funga ya miezi miwili inamngoja.

Haya ndiyo yanayomfanya msimamizi wa uwanja apaze sauti kwa kosa linaloonekana dogo. Risasi isipolia, mtutu ubaki umeelekea kwenye shabaha kwa muda kabla ya kuifungua bunduki, kwa kuwa huweza kulia baadaye. Masikio na macho yakingwe, kwani kilichopotea katika usikivu kwa mlio wa bunduki hakirudi. Na mikono ioshwe kabla ya kula, kwa sababu vumbi la risasi lina sumu ya madini. Kuyatii haya, pamoja na sheria za nchi juu ya vibali, ni katika kuzuia madhara.

Basi ndugu yetu, ukimwona mwenzio uwanjani amegeuka na mtutu mkononi, usinyamaze kwa kumwonea haya, hata akiwa mkubwa wako. Mwambie. Na ukiambiwa wewe, ushushe mtutu kwanza, maelezo yatafuata.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu aihifadhi mikono yetu na damu za watu. Amin.