Kiungo cha Tela: Milimita Mbili Zenye Hatari

Barabara ya Waiyaki, itokayo Nairobi kwenda Limuru, hupita katikati ya Kangemi, na kando yake watu ni wengi mno: wachuuzi, wanafunzi, na wasafiri wangojao matatu. Mkulima ashukaye na tela la kabichi kutoka Limuru, mahali palipo juu ya mita 2,000, huwapita watu hao wote huku mzigo ukimsukuma kwa nyuma. Tela likichomoka hapo halina usukani.

Kiungo cha kawaida kina sehemu mbili: tufe la chuma lililo nyuma ya motokaa, na kikombe kilicho mbele ya tela, ambacho hulifunika tufe hilo na kufungwa kwa komeo. Lakini matufe si ya kipimo kimoja. La Ulaya ni la milimita 50; la Kimarekani lililo dogo ni la inchi 1 na 7/8, yaani pungufu ya milimita 48. Kwa macho ni vigumu kuyatofautisha. Kikombe cha milimita 50 hukaa juu ya tufe dogo bila taabu, komeo likafunga, na mwenye mali akaondoka kwa furaha. Kisha kwenye tuta tela huruka, nalo tufe likatoka kikombeni. Kwa kawaida kipimo hupigwa chapa juu ya chuma, basi na kisomwe.

Lipo jaribio lisilo na gharama. Komeo likiisha kufungwa, mkono wa tela uinuliwe kwa jeki. Nyuma ya motokaa ikipanda pamoja nao, kiungo kimeshika. Kikombe kikinyanyuka peke yake, safari ingoje.

Mafundi wa jua kali waweza kuunda kiungo imara, ila mahali pa kukifunga ni neno jingine. Bampa ya motokaa ndogo haikuundwa kuvuta mzigo. Kiungo kifungwe kwa bolti katika chesisi, au mahali palipowekwa na waundaji wa gari. Wala mtu asidanganywe na unene wa chuma, kwani hauzidishi nguvu za breki. Minyororo miwili nayo ikingamane chini ya kiungo, ili mkono wa tela ukianguka udakwe kabla ya kugusa lami.

Hata kiungo chema hushindwa na upakiaji mbaya. Viazi vikirundikwa nyuma ya ekseli, mkono wa tela hunyanyuka na tela huanza kuyumba. Kwa desturi ya Ulaya, tela la kilo 1,000 hulemea tufe kwa kilo 50 hadi 70 hivi. Mara nyingi kusogeza mbele gunia moja au mawili hutosha.