Ugumu wa programu za serikali hupimwaje?

SERIKALI inapotaka kujenga barabara, mhandisi hupima urefu wake, akachunguza udongo na kuhesabu madaraja kabla ya kutaja gharama. Programu ya kompyuta haina kilomita, na makadirio yake yakikosewa, hasara humwangukia mlipa ushuru.

Zamani wataalamu walihesabu mistari ya maagizo iliyoandikwa. Kipimo hicho kina dosari: mwandishi hodari hutumia mistari michache kwa kazi ile ile, hivyo akaonekana mvivu. Isitoshe, mistari haihesabiki kabla ya kuandikwa, ilhali zabuni hutangulia.

Mnamo 1979, Allan Albrecht wa kampuni ya IBM, Marekani, alipendekeza kuhesabu kile ambacho programu itamfanyia mtumiaji. Huhesabiwa mambo matano: taarifa zinazoingizwa, zinazotolewa, maswali yanayojibiwa, hifadhi za ndani, na hifadhi za mifumo mingine zinazotegemewa. Kila jambo hupewa alama kulingana na ugumu wake. Mathalan, fomu nyepesi ya kuingiza taarifa hupata alama 3, ilhali nzito hupata 6.

Chukua leseni ya biashara. Fomu yenyewe ni jambo dogo. Lakini ikiwa mfumo sharti uulize rekodi za ushuru, vitambulisho na usajili wa kampuni, alama hupanda. Na hapo bado hatujagusa afisi ambazo rekodi zake zingali katika mafaili ya karatasi, mzigo ambao hesabu hii haiupimi vyema.

Hata hesabu nzuri huvurugika mahitaji yakibadilika. Shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilianza kuunda mfumo wa kutunza faili za kesi mnamo 2001. Waraka wa mahitaji ulizidi kurasa 800, na maombi ya mabadiliko yakaendelea kumiminika kazi ikiwa njiani. Mnamo 2005 mradi huo ulitupiliwa mbali baada ya kumeza karibu dola 170 milioni. Mfumo uliochukua nafasi yake ulienea kwa wafanyakazi wote mnamo 2012.

Kwa sababu hiyo, baadhi ya kandarasi hutaja bei ya kila alama. Mkubwa wa idara akiongeza ombi, huhesabiwa na bei yake kujulikana kabla mtu yeyote hajagusa kompyuta.