Mfuko wa Hewa ndani ya Motokari

Motokari ikienda mbio na kugonga mti, inasimama ghafula. Lakini mtu aliye ndani hasimami pamoja nayo: mwili wake unaendelea mbele kwa mbio ile ile, na kichwa kinapiga usukani au kioo. Kwa sababu hiyo mafundi walitengeneza mfuko wa hewa.

Mfuko huo ni wa kitambaa kigumu. Umekunjwa na kufichwa katikati ya usukani. Mwingine umo mbele ya kiti cha abiria. Ndani ya motokari kuna chombo kidogo chenye kupima mshindo. Motokari ikigonga kitu kwa nguvu, chombo hicho kinapeleka umeme, na umeme unawasha dawa iliyofungwa nyuma ya mfuko. Dawa inawaka na kutoa gazi nyingi. Mfuko unajaa, mtu akiwa hajafumba jicho na kulifumbua. Kichwa kinaangukia mfuko, gazi inatoka kwa matundu, na mtu anapona.

Katika Marekani mifuko ya mbele iliokoa watu zaidi ya 50,000 toka mwaka 1987 mpaka mwaka 2017. Lakini nguvu ile ile inayookoa yaweza kuumiza. Mfuko waweza kutoka kwa mbio ya kilometa 300 kwa saa. Unachubua uso na mikono, pengine unaumiza macho na masikio. Aliye karibu nao mno anapigwa kabla haujamaliza kujaa. Katika nchi hiyo hiyo, toka mwaka 1990 mpaka mwaka 2008, mifuko iliua watu zaidi ya 290 katika ajali za motokari zisizokwenda mbio. Wengi hawakufunga mkanda vema, na kati yao walikuwamo watoto wengi. Baadaye mafundi walipunguza nguvu ya mifuko, lakini hatari haikuisha.

Basi, watoto, shikeni maneno haya. Mtoto asiyetimiza miaka 13 akae nyuma na kufunga mkanda. Kiti cha mtoto mchanga kinachotazama nyuma kisiwekwe kamwe mbele ya mfuko wa hewa. Dereva akae mbali na usukani, kadiri ya sentimeta 25. Mfuko unasaidia mkanda, haushiki nafasi yake.

Mkubwa akikuita ukae mbele, mjibu kwa adabu: «Baba, mimi nitakaa nyuma.» Huo si woga, ni akili.

Maulizo: 1. Mfuko wa hewa unajazwa na nini? 2. Kwa nini mtoto asikae mbele?