Kutengana, Kutelekezwa na Talaka: Usuli wa Maudhui ya Ndoa katika Chozi la Heri

Katika kujibu maswali ya ndoa katika riwaya ya Chozi la Heri (Assumpta K. Matei), wanafunzi wengi huandika kwamba Naomi "alimpa Lunga talaka" au kwamba Subira "alitalikiwa". Hoja yenyewe huwa na maana, lakini istilahi si sahihi. Soma maelezo haya ili utofautishe mambo matatu yanayochanganywa mara kwa mara.

Kutengana ni mume na mke kuishi mbalimbali ilhali ndoa yao ingalipo. Kutelekeza ni mmoja kuondoka na kuacha majukumu yake bila idhini ya mwenzake. Talaka ni kuvunjwa kwa ndoa kwa njia inayotambulika kisheria. Naomi anapomwacha Lunga na watoto watatu, Umu, Dick na Mwaliko, amewatelekeza. Subira naye anaondoka kwa sababu ya kubaguliwa na mavyaa yake kwa kuwa ametoka jamii nyingine. Huko ni kutengana kunakotokana na ukatili wa kisaikolojia.

Sheria inasemaje?
Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inatambua ndoa za aina tano: ya Kikristo, ya kiserikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu. Miongoni mwa sababu za kuomba talaka ni uzinzi, ukatili wa kimwili au wa kiakili, kutelekezwa, na ndoa kuharibika kiasi cha kutorekebishika. Katika ndoa ya Kikristo, kutelekezwa huko sharti kuwe kumedumu kwa muda usiopungua miaka mitatu.

Kwa Waislamu, shauri hupelekwa kwa Kadhi. Ndoa za aina nyingine hushughulikiwa na mahakama za kawaida. Mjini Nakuru mahakama zote hizo zipo.

Je, wazee wana nafasi gani? Huku kwetu Molo, Njoro au Subukia, ugomvi wa wanandoa wa kimila huanza kwa kikao cha wazee wa pande mbili. Sheria inaruhusu usuluhishi huo, mradi usikiuke Katiba. Hata hivyo, uamuzi wa mwisho ni wa mahakama. Kwa hivyo, kurudisha mahari hakutoshi kumaliza shauri mbele ya sheria.

Mali
Chukua mfano wa familia ya Njoro yenye shamba la viazi na ng'ombe wa maziwa. Hati ya shamba ina jina la mume. Mke amelima, amekama na kulea watoto kwa miaka 15. Je, akitalikiwa ataondoka mikono mitupu? La. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inahesabu kazi za nyumbani, malezi na kazi ya shambani kuwa mchango, hata kama hakutoa pesa. Shamba likiwa la urithi wa mume, kwa kawaida si mali ya ndoa. Lakini mke aliyeliendeleza anaweza kudai haki kwa kiasi cha mchango wake.

Kifungu cha 45(3) cha Katiba ya 2010 kinawapa mume na mke haki sawa wakati wa kuoana, katika ndoa na inapovunjwa. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ilieleza kwamba usawa huo haumaanishi kila mali igawanywe nusu kwa nusu: kila mmoja athibitishe mchango wake.

Watoto
Kifungu cha 53 kinasema kuwa malezi ni jukumu la baba na mama kwa usawa, wawe wameoana au la. Mke na mume huweza kuachana, lakini mzazi haachani na mwanawe. Mahakama hutanguliza maslahi ya mtoto inapoamua atakaa na nani na nani atalipa karo. Lunga anapofariki, wanawe wanabaki bila mzazi wa kuwatunza, na Sauna anapata mwanya wa kuwaiba Dick na Mwaliko. Mateso yao yanaonyesha kwa nini sheria inamtanguliza mtoto.

Zingatia
Usijaze insha yako vifungu vya sheria. Mtahini anatafuta ushahidi kutoka riwayani: taja mhusika, tukio na athari yake. Sheria ikusaidie tu kuchagua neno sahihi. Na ikiwa mambo haya yanatokea nyumbani kwenu, kumbuka kwamba mtoto hana hatia katika ugomvi wa wazazi. Zungumza na mwalimu wa ushauri nasaha.

Zoezi
1. Tofautisha hali ya Naomi na ya Subira. (alama 4)
2. Jadili athari za kuvunjika kwa ndoa kwa watoto katika Chozi la Heri. (alama 20)