Kati ya "Nitakuja" na "Sitakuja"

Maneno haya mawili yanatofautiana kwa sauti moja tu, nayo ni ya mwanzo. Mkazo hauko pale. Uko kwenye "ku", silabi ya pili kutoka mwisho, kama ilivyo kawaida ya Kiswahili. Sauti n huvuma puani kwa masafa ya chini. Sauti s ni nyembamba, nguvu yake iko juu ya hezi 4,000, na ni miongoni mwa zile zinazopotea mapema sikio linapodhoofika. Mtoto mwenye usikivu hafifu akiambiwa na mama yake "sitakuja", huenda akapata "…takuja" tu, akaketi mlangoni kusubiri.

Nimeanza na sarufi kwa makusudi, maana makala hii ni ya upasuaji, na msomaji wa jarida la Kiswahili anaweza kudhani haimhusu.

Tawi la tiba linaloshughulikia masikio, pua, koo, kichwa na shingo limebadilika sana ndani ya miaka 50. Uvimbe wa kooni ambao zamani ulilazimu taya kupasuliwa, sasa mara nyingine hutolewa kupitia mdomoni kwa mikono ya roboti. Mianya ya mifupa ya uso husafishwa kwa kamera nyembamba inayopita tundu la pua, bila kovu. Lakini lililo karibu zaidi na sisi watu wa lugha ni upandikizaji wa kifaa cha koklea.

Koklea ni kiungo cha ndani kabisa cha sikio, kilichojisokota kama konokono, na jina lake la Kigiriki maana yake ni hiyohiyo. Ndani yake mna seli zenye vinyweleo zipatazo 15,000, na kati ya hizo takriban 3,500 ndizo hasa zinazopeleka habari ya sauti kwenye ubongo. Zikifa hazioti tena. Shimesikio, yaani kile kifaa kinachokuza sauti, hakifai kitu hapo: ni kumpigia kelele mtu ambaye hayupo nyumbani. Kifaa cha koklea hakikuzi chochote. Huziruka seli zilizokufa na kuusisimua mshipa wa fahamu moja kwa moja kwa umeme. Aina moja inayotumika sana ina elektrodi 22. Ishirini na mbili badala ya 3,500!

Haikuwa kazi ya mtu mmoja. Djourno na Eyriès walijaribu kusisimua mshipa huo kwa umeme mjini Paris mwaka 1957. William House akafuata Los Angeles mwaka 1961. Ingeborg na Erwin Hochmair walitengeneza kifaa chenye njia nyingi kilichopandikizwa Vienna mwaka 1977, na Graeme Clark akapandikiza chake Melbourne mwaka 1978. Wataalamu wengi wa wakati ule waliwacheka, wakisema nyaya chache haziwezi kubeba usemi wa binadamu.

Upasuaji wenyewe huchukua saa mbili au tatu. Daktari hukata nyuma ya sikio, akatoboa mfupa kwa keekee huku akitazama kwa hadubini. Milimita chache kutoka hapo unapita mshipa unaoendesha misuli ya uso. Ukiguswa vibaya, mgonjwa ataamka na uso uliopinda upande mmoja. Kisha uzi wa elektrodi huingizwa taratibu kwenye koklea. Kidonda huachwa kipone, na baada ya wiki kadhaa kifaa cha nje, kinachoshikana na cha ndani kwa sumaku, huwashwa.

Hapo ndipo wengi hudhani kisa kimekwisha, na hapo ndipo kinapoanza. Mtoto aliyezaliwa kiziwi hasikii maneno siku hiyo. Anasikia vishindo visivyo na maana, na wengine hulia. Ubongo lazima ufundishwe, na hauna subira: ukipita umri wa miaka mitatu na nusu hivi bila sauti yoyote, sehemu yake ya usikivu huanza kupoteza wepesi wa kujifunza. Ndiyo sababu watoto wachanga hupimwa masikio hapa Qatar. Kwetu wengi hugunduliwa wakiwa wameshachelewa, pengine baada ya homa ya uti wa mgongo, ambayo inaweza hata kuijaza koklea mfupa mpya na kuuziba mlango ambao elektrodi ingepitia.

Kufundishwa, basi. Kwa lugha gani? Hapa Doha, kwenye Shirika la Matibabu la Hamad ambako upandikizaji huu hufanyika, lugha za kazi ni Kiarabu na Kiingereza. Mzazi kutoka Mombasa au Kampala anaweza kushawishika kuacha lugha yake nyumbani ili "asimchanganye" mtoto. Nadhani hilo ni kosa. Mtoto hujifunza kusikia kwa kuzungumzishwa siku nzima, wakati wa kuoga, kula na kugombezwa, na mama huzungumza kwa wingi na kwa raha katika lugha aliyokulia. Watoto wenye kifaa hiki wameonyesha kwamba wanaweza kumudu lugha mbili.

Kiswahili kina bahati yake. Kifaa hiki hubeba vibaya kupanda na kushuka kwa sauti, jambo linalowatesa wasemaji wa Kichina, ambao maana ya neno lao hutegemea toni. Sisi hatuna toni ya kutofautisha maneno. Lakini tuna "Umekula" na "Umekula?", na hapo anayesikia kwa elektrodi hubabaika. Mweke "je" mwanzoni na shida imeisha. Kijineno tunachokidharau kama cha vitabuni kinapata kazi.

Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kupandikiza vifaa hivi mwaka 2017. Kabla ya hapo watoto wa Tanzania walipelekwa India. Sisemi kila mtoto kiziwi apasuliwe. Kenya imeiweka lugha yake ya alama katika katiba ya 2010 kuwa lugha ya Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza, na familia inayochagua njia hiyo haijamnyima mtoto lugha.

Kwa anayechagua kifaa, kazi moja inaangukia watu kama sisi. Usikivu hupimwa kwa orodha za maneno, na za Kiingereza zimejengwa juu ya silabi moja. Kuzitafsiri ni bure, kwa kuwa nomino na vitenzi vyetu huanzia silabi mbili. Orodha yetu ingeanzia kwenye safu kama hii: pua, bua, tua, jua, fua, vua, zua. Ingepima viambishi pia, kitabu na vitabu, mti na miti, kwa sababu sarufi yetu imekaa mwanzoni mwa neno, pasipo na mkazo. Tena maneno yenyewe yawe ya mtoto wa miaka mitatu: "bua" analijua wa shamba, wa ghorofani Doha halijui. Na "gari" la Dar es Salaam ni "motokari" kwa mtoto wa Lubumbashi.