Mwanao anajifunza ufundi magari? Anza na ovaroli yake

Pwani. Jioni kijana anarudi kutoka gereji. Mikono imekolea oili, ovaroli imeshika vumbi jeusi. Mdogo wake wa miaka miwili anamkimbilia, anadaka mguu. Mama anatabasamu, kwa kuwa mtoto hashindi tena kijiweni.

Furaha hiyo ni ya haki. Lakini kwa mzazi wa Kibaha au Kisarawe anayemtafutia kijana wake pa kujifunzia ufundi magari, ada si jambo pekee la kuuliza. Kuna afya ya kijana, na ya waliobaki nyumbani.

Betri ya gari ina madini ya risasi. Fundi anayefungua betri kuukuu anaweza kurudi na vumbi lake kwenye nguo, nywele na viatu. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto, kwani hudhuru ubongo unaokua.

Kinga yake haina gharama kubwa. Kijana abadili nguo hukohuko kazini na anawe kwa sabuni kabla ya kula. Ovaroli ifuliwe peke yake, si pamoja na nguo za mtoto.

Chuo au gereji?

Kibaha kuna chuo cha VETA na Chuo cha Maendeleo ya Wananchi kilicho chini ya Shirika la Elimu Kibaha, lililotokana na mradi wa nchi za Nordiki ulioanza mwaka 1963. Kisarawe nako kuna chuo cha maendeleo ya wananchi. Kozi hubadilika, hivyo fika chuoni uulize zinazotolewa mwaka huu na kama cheti chake kinatambuliwa na VETA.

Aliyejifunzia gerejini naye hajapotea. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi: fundi hupimwa kwa anachokijua, huzibiwa mapengo, kisha hupewa cheti.

Kama kijana hajafikisha miaka 18, kumbuka kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri katika kazi za hatari.

Kabla hujamwacha hapo

Iwe chuo au gereji, simama dakika 20 uangalie kazi inavyofanyika.

Gari lililoinuliwa linashikiliwa na nini? Jeki peke yake haitoshi kwa mtu anayeingia chini. Lazima kuwe na stendi imara.

Mafuta yanahamishwaje? Kuvuta petroli kwa mdomo kupitia mpira ni hatari, kwa sababu inaweza kuingia kwenye mapafu. Ikitokea kijana ameimeza, usimtapishe wala usimpe maziwa. Mwahishe hospitali.

Wananawa kwa nini? Petroli hukausha na kuchubua ngozi, na ndani yake kuna benzini, inayosababisha saratani ya damu. Sabuni na maji vinatosha.

Injini inawashwa wapi? Moshi ndani ya chumba kilichofungwa una gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu, na inaweza kuua. Vumbi la breki nalo lisipulizwe kwa upepo, lifutwe kwa kitambaa kibichi.

Mwalimu au fundi mkuu asiyekasirishwa na maswali haya ndiye wa kumkabidhi mwanao. Akikujibu kwamba "wote tulijifunza hivyohivyo", endelea kutafuta.

Ufundi magari ni kazi ya heshima, na inaweza kulisha familia kwa miaka mingi. Ili ifike miaka hiyo, fundi awe na macho, mapafu na vidole vyake vyote.

Na jioni mdogo wake akimkimbilia tena, amkute ameshanawa na kubadili nguo.