Huduma kwa Wanafunzi wa Uzamili Waliomo Kazini: Kalenda, Kazi za Kituo na Uwakilishi Mkoani Katavi

Ikisiri

Makala haya yanachunguza hali ya mwanafunzi wa umahiri au uzamivu anayesoma kwa njia ya elimu huria na masafa huku akiwa mtumishi mkoani Katavi. Hoja kuu ni kwamba huduma kwa mwanafunzi wa aina hii hazipaswi kupimwa kwa wingi wa majengo, bali kwa kumfikia katika majuma machache ya mwaka anayoweza kuzitumia. Makala yanaonesha kwamba serikali za wanafunzi nchini zilijengwa juu ya maisha ya bweni, na kwa sababu hiyo haziioni kalenda ya mwanafunzi huyu kwa urahisi. Mapendekezo matatu yanatolewa kuhusu kibali cha utafiti, kazi za kituo na uwakilishi.

1. Utangulizi

Mkoa wa Katavi ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Rukwa, na makao makuu yake yakawa Mpanda. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 564,604 katika eneo hilo. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,152,958. Idadi ya watu imeongezeka maradufu ndani ya muongo mmoja, na mahitaji ya walimu, wauguzi, maafisa ugani na watumishi wengine yameongezeka pamoja nayo. Wengi wa watumishi hao ni vijana wenye shahada ya kwanza, nao wanatamani kuendelea na masomo bila kuacha kazi.

Elimu ya chuo kikuu imeufikia mkoa huu kwa sura mbili tofauti. Sura ya kwanza ni Kampasi ya Mizengo Pinda ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, iliyoko Mpimbwe, ambako mwanafunzi huhama kwao na kwenda kuishi karibu na darasa. Sura ya pili ni kituo cha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania mjini Mpanda, ambako mwanafunzi habadili makazi wala mwajiri. Makala haya yanahusu sura hii ya pili, hususani wanafunzi wa uzamili. Neno uzamili linatumika hapa kwa maana pana, yaani masomo yote baada ya shahada ya kwanza, umahiri na uzamivu yakiwa ndani yake.

Mwanafunzi huyu ana nafasi ya pekee. Mbele ya chuo anahesabiwa kuwa mtu mzima mwenye mshahara, asiyehitaji msaada mwingi. Mbele ya mwajiri anahesabiwa kuwa mtumishi, ambaye masomo yake ni jambo lake binafsi. Chama cha wafanyakazi hutetea masilahi yake ya kazi, na serikali ya wanafunzi hutetea wanafunzi kwa jumla. Hakuna chombo ambacho kazi yake ya msingi ni kutetea mahali ambapo kazi na masomo vinagongana, na hapo ndipo masomo yake hukwama.

2. Serikali ya Wanafunzi na Maisha ya Bweni

Ili kuelewa kwa nini hali iko hivyo, ni muhimu kutazama namna serikali za wanafunzi zilivyokua nchini. Chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 katika Mtaa wa Lumumba, kisha kikahamia Mlimani. Matukio yaliyoijenga sauti ya wanafunzi yalitokea mahali walipokuwa wakiishi pamoja. Oktoba 1966 mamia ya wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao. Mwaka 1971 kufukuzwa kwa Symonds Akivaga, rais wa DUSO, kulizusha mgogoro mkubwa Mlimani. Mwaka 1978 wanafunzi waliandamana tena, safari hii wakipinga nyongeza ya marupurupu ya viongozi. DARUSO ilikuja baadaye, na vyuo vingine vikawa na vyombo vyake, kama SUASO ya Sokoine na UDOSO ya Dodoma.

Matukio hayo yanatofautiana kwa madai, lakini yanalingana katika jambo moja: wanafunzi waliweza kukusanyika mahali pamoja kwa muda mfupi. Nguvu ya serikali ya wanafunzi ilitokana na mkusanyiko, na ajenda yake ilitokana na yale yanayowagusa watu wanaolala mahali pamoja, yaani chakula, vyumba, usalama, na fedha za kujikimu ambazo wanafunzi huziita bumu. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2004, iliifanya ajenda ya fedha iwe kubwa zaidi. Mikopo hiyo huwalenga hasa wanafunzi wa shahada ya kwanza, na kwa hiyo ndio wenye sababu kubwa zaidi ya kugombea uongozi na kupiga kura.

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa Sheria Na. 17 ya mwaka 1992 na kuanza kazi Machi 1, 1993, kilivunja sharti la mkusanyiko. Hakikuwa cha kwanza duniani kufanya hivyo: Chuo Kikuu cha Afrika Kusini kilianza kufundisha kwa posta mwaka 1946, na Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kilianzishwa mwaka 1969. Chuo cha Tanzania kina serikali yake ya wanafunzi, OUTSO, lakini wanachama wake wametawanyika nchi nzima. Umbo la chombo limerithiwa kutoka bwenini, ilhali wanachama hawana bweni. Kwa mwanafunzi wa uzamili aliyeko Mpanda, zaidi ya kilometa 1,000 kutoka Dar es Salaam, swali si chumba wala chakula. Swali lake ni wakati.

3. Mwaka wa Mwalimu Mtafiti

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwalimu wa sekondari katika Wilaya ya Tanganyika anasomea shahada ya uzamivu katika fasihi ya Kiswahili, na anakusudia kukusanya masimulizi ya Wabende. Mada hiyo inamfaa, kwa kuwa uwanda wa utafiti uko mlangoni pake. Mtafiti anayetoka Dar es Salaam angelazimika kusafiri kwa basi au kwa treni hadi Kaliua, kisha kwa tawi la reli la kama kilometa 210 hadi Mpanda, kabla ya kuanza kuwatafuta watoa taarifa. Mwalimu huyu anafahamiana nao tayari. Yuko mbali na maktaba, lakini yuko karibu na data.

Hata hivyo, ukaribu huo hauna faida kama hana siku za kuutumia. Mwaka wa shule huanza Januari. Likizo yake ndefu ya kwanza ni ya katikati ya mwaka, takribani mwezi wa Juni. Mtihani wa Taifa wa Kidato cha Nne hufanyika kuelekea mwisho wa mwaka, na baadhi ya walimu huitwa kuusimamia na kuusahihisha. Likizo ya Desemba hufuata, lakini Desemba ni msimu wa mvua. Mkoani Katavi mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili kwa kawaida. Barabara za vumbi huharibika, na wanavijiji, ambao ndio watoa taarifa, huwa shambani tangu alfajiri. Kiangazi huanza Mei. Mavuno yakishaingia, wazee hupata nafasi ya kukaa na kusimulia.

Kwa hiyo kalenda tatu, ya shule, ya mvua na ya kilimo, hukutana mahali pamoja tu: katika majuma machache ya Juni. Hicho ndicho kipindi cha uwandani kwa mwaka mzima. Mwanafunzi akikikosa, hawezi kukifidia mwezi unaofuata. Ni lazima asubiri miezi kumi na miwili. Mtumishi akipoteza mwaka mmoja anaongeza ada, msimamizi wake huenda akahamia majukumu mengine, na mwajiri anaanza kuuliza masomo hayo yatakwisha lini. Ucheleweshaji ambao kwa mwanafunzi wa kutwa ungekuwa usumbufu mdogo, kwake unaweza kuwa ndio mwanzo wa kuacha masomo.

4. Kibali cha Utafiti kama Huduma

Katika mwanga huo, huduma iliyo muhimu kuliko zote kwa mwanafunzi huyu ni karatasi moja: barua ya kibali cha utafiti. Wasomaji wa tasnifu za chuo hiki wanaifahamu kutokana na viambatisho. Makamu Mkuu wa Chuo amepewa mamlaka ya kutoa kibali hicho kwa wanafunzi na wahadhiri wake kwa niaba ya Serikali na Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia. Barua hiyo hupelekwa kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ambaye huielekeza wilayani, na wilaya huielekeza kwenye halmashauri na vijiji. Sambamba na hilo, mwalimu wa shule ya umma anayehitaji kuwa nje ya kituo chake cha kazi hupitisha maombi yake kwa mkuu wa shule hadi kwa Mkurugenzi wa Halmashauri.

Kila hatua katika mnyororo huu ina sababu yake, na makala haya hayadai kwamba ofisi yoyote inazembea. Hoja ni ya hesabu tu. Barua ikitoka Mei mwishoni na kila ngazi ikatumia juma moja, Juni yote imekwisha. Barua hiyo hiyo ikitoka Machi, mwanafunzi anaingia uwandani siku ya kwanza ya likizo. Gharama kwa chuo ni ileile katika hali zote mbili, ilhali tofauti kwa mwanafunzi ni mwaka mzima. Inapendekezwa, kwa hiyo, kwamba utetezi wa mapendekezo ya utafiti kwa wanafunzi waliomo kazini uratibiwe kabla ya Februari kwisha, na ufanyike kwa njia ya video pale inapowezekana, ili vibali vitoke ndani ya Machi.

5. Kazi za Kituo

Katika vyuo vya makazi, hasa nchi za nje, mwanafunzi wa uzamili hupewa kazi za chuoni kama kufundisha semina, kuhudumia maktaba au kumsaidia profesa katika utafiti. Kazi hizo humpa kipato, na pia humweka ndani ya jumuiya ya wanataaluma. Mwanafunzi wa Mpanda ana kipato tayari. Anachokikosa ni jumuiya. Kwake kazi ya kituo ina thamani ya kumwondoa katika upweke wa kusoma peke yake.

Kazi hizo zipo na zinaweza kugawanywa kwa saa chache za Jumamosi. Mwanafunzi wa uzamivu anaweza kuwaongoza wanafunzi wa shahada ya kwanza katika vipindi vya ana kwa ana, akalipwa kwa saa. Anaweza kuwafundisha wenzake namna ya kutafuta tasnifu katika hazina ya mtandaoni. Kwa wanafunzi wa Kiswahili jambo hili lina uzito wa pekee. Majarida kama Kiswahili na Mulika ni machache yakilinganishwa na bahari ya machapisho ya Kiingereza, kwa hiyo tasnifu zilizokwisha kutahiniwa ndizo maktaba yao kuu. Mji wa Mpanda nao ulitegemea majenereta ya dizeli kwa miaka mingi kabla ya kufikiriwa kwa gridi ya Taifa. Kompyuta chache za kituo zenye faili zilizokwisha kupakuliwa zinaweza kumfaa msomaji kuliko ahadi ya intaneti ya kasi.

Aidha, mtafiti mwenyeji anaweza kuwa msaidizi wa watafiti wageni wanaokuja kuchunguza lugha na masimulizi ya Wapimbwe, Wakonongo au Wabende. Kwa sasa wageni huja, hukusanya na huondoka. Kituo kikiwa na orodha ya wanafunzi wake wa uzamili na mada zao, sehemu ya kazi hiyo na malipo yake ingebaki mkoani, na nakala ya data ingekuwa na mahali pa kuhifadhiwa.

6. Uwakilishi

Mapendekezo haya yanahitaji mtu wa kuyasemea. Inaweza kupingwa kwamba wanafunzi wa uzamili katika mkoa mmoja ni wachache mno kuwa na mwakilishi wao, na kwamba mtu mzima anaweza kujisemea. Pingamizi la kwanza lina ukweli, lakini linathibitisha hoja: palipo na wachache, kura ya jumla haiwezi kuwafikisha mezani, kwa kuwa kila uchaguzi utashindwa na ajenda ya walio wengi. Pingamizi la pili linasahau kwamba anayejisemea peke yake huonekana analalamika, ilhali mwenye dhamana husikilizwa kama taarifa.

Inapendekezwa kila kituo cha mkoa kiwe na mwakilishi mmoja wa uzamili, anayechaguliwa na wanafunzi wa uzamili pekee, na kwamba wawakilishi hao wakutane kwa njia ya mtandao na uongozi wa masomo ya uzamili mara mbili kwa mwaka. Mkutano mmoja ufanyike Januari, kabla ya ratiba ya vibali kufungwa. Wa pili ufanyike Agosti, wakati walioko uwandani wamerejea. Kazi ya kwanza ya mwakilishi iwe rahisi: kuwasilisha kalenda ya mkoa wake. Kalenda ya Katavi si ya Mtwara wala ya Kagera, na chuo cha nchi nzima hakiwezi kuijua kila moja kama hakiambiwi.

7. Hitimisho

Makala yameonesha kwamba mwanafunzi wa uzamili aliyemo kazini mkoani Katavi ana utajiri wa data, ana kipato kidogo lakini cha uhakika, na ana umaskini wa wakati. Chuo huria kilimfuata alipo, na hilo lilikuwa hatua kubwa. Hatua iliyobaki ni kumfuata pia katika mwezi anaopatikana. Barua itoke Machi, mwenzake wa Jumamosi alipwe kwa saa, na mwakilishi wake asikilizwe Januari. Hayo hayahitaji jengo jipya. Yasipofanyika, masimulizi ya wazee yatasubiri Juni nyingine, na si kila mzee atakuwepo Juni hiyo.